Chembe Zilizoishia Njiani

Biolojia niliisoma shule ya usiku, hapa Nachingwea, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu. Nilipata C, ingawa nikisimulia mwenyewe huwa inakaribia uprofesa. Mungu ambariki yule mwalimu, maana siku moja ile C ilifanya kazi ya kweli.

Mke wangu akiwa na mimba changa, mama yake alimwita kwake Mandawa kusaidia kupuliza salfa, ile dawa ya unga wa njano, kwenye mikorosho. Alirudi wa njano kuanzia kope hadi kisigino. Kuku walimkimbia mpaka wilaya ya pili. Binti yetu alipozaliwa na kuanza kifafa, mke wangu akasema ni ile salfa. Miaka minne hakukanyaga kwa mama yake. Mama mkwe naye aliamini hivyo hivyo: kila mwezi alituma kunde kwa bodaboda, mwenyewe haji, mjukuu hajawahi kumpakata.

Mwaka huu daktari alituonyesha picha ya ubongo na majibu ya damu.

"Si salfa," akasema. "Ni jeni moja, ilibadilika yenyewe. Hakuna aliyekosea."

Mke wangu alilia hadi nikadhani masika yamewahi. Kisha akasema, "Twende kwa mama. Wewe utaeleza, mimi nitashindwa."

Tulimkuta anapepeta ufuta. Mke wangu akabaki kwenye bodaboda na mtoto. Mimi nikamwaga sayansi yote niliyonayo.

"Mkwe wangu," akanikatiza, "umesoma usiku, ndiyo maana maneno yako yana giza."

"Haya mama, mashamba ya hapa yalifyekwaje? Wa kwanza walilima karibu na kijiji, waliofuata wakawapita, wakafyeka mbele zaidi. Ubongo wa mtoto tumboni ni hivyo hivyo. Chembe zake huzaliwa ndani, hupanda kwenda juu, za nyuma zikizipita za kwanza. Jeni ndizo zinazoziambia: pita hapa, simama pale. Kwa mwanetu jeni moja ilielekeza vibaya, chembe nyingine zikabaki njiani."

"Ziliishia Nkowe huko njiani, na shamba liko Mandawa?"

"Hapo hapo! Na jeni yenyewe iliharibika kabla hujamwita mtu shambani."

Ungo ukasimama hewani. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mama." Alikuwa mke wangu, nyuma yangu. Akamweka binti yetu mapajani mwa bibi yake, akapokea ungo.

Nilimshukuru Mungu, daktari, mwalimu wangu, na mimi mwenyewe kidogo. Ufuta mke wangu aliumwaga nusu nzima akipepeta, na hakuna aliyemkaripia.