Pigo la Dashain Kambini Seria

Mwaka ule kabla Brunei haijajitawala, hatima ya kikosi cha Wagurkha wa jeshi la Uingereza pale Seria ilikuwa mezani London na Bandar, mji mkuu wa Brunei. Vijana hawa wa milima ya Nepal wabaki, wahamishiwe Hong Kong, au kikosi kivunjwe warudi makwao? Kanali, Mwingereza mpole mwenye wasiwasi, alikuwa na mipango mitatu. Askari wake walikuwa na mmoja tu: kusubiri sikukuu ya Dashain.

Siku hiyo mtu mmoja humkata nyati shingo mbele ya mungu wao Durga. Kichwa kikidondoka kwa pigo moja, kikosi kina heri mwaka mzima. Kisipodondoka, shauri yenu.

Alichaguliwa Koplo Kharkajit Pun, mtu wa mikono mipana na maneno machache. Mkewe Tulmaya alijifungua binti huko milimani. Binti sasa anatembea na baba hajamtia machoni. Familia ziliitwa Seria kwa zamu, naye alikuwa mkiani. Kikosi kikihamishwa, foleni ingeanza upya. Kikivunjwa, angerudi mikono mitupu, kisha aende Delhi kulinda maghala ya watu, mbali nao vilevile.

Panga likiwa hewani, nyati aligeuza shingo. Kichwa kikabaki kinaning'inia kwa ngozi. Kwa desturi ya anayekosea pigo, Kharkajit alipakwa damu ya nyati usoni, akasimama nayo mpaka ikakauka.

Kanali aliuliza kama hawezi kuletwa nyati mwingine. Meja wa Kigurkha alimjibu kwa adabu kwamba Durga si refa wa mpira. Kwenye bwalo la chakula hawakuwa na adabu hiyo. "Kaka, ile shingo ilikuwa yetu," walimwambia, wakimsogezea kisu cha siagi ajifunzie.

Wiki haikwisha, askari wakaanza kufuta majina ya wake zao kwenye zamu. Nani amteremshe mkewe milima kwa miguu, ampandishe ndege, halafu arudishwe kabla sufuria hazijatoka kwenye mzigo? Nyumba za familia zikabaki tupu.

Kharkajit akaenda kwa Sajenti Jaslal, mgawaji wa nyumba.

"Yaani wewe ulete mkosi, halafu uufaidi mwenyewe?" Jaslal alimuuliza.

"Damu nilishapakwa, afande. Kwangu mkosi umekwisha. Niandikie nyumba."

"Na tukifungashwa mwezi ujao?"

"Mtoto atakuwa ameniona."

Jaslal alimtazama, akamwandika, akimwambia kwamba ana kichwa kigumu kuliko cha nyati.

Tulmaya alifika mvua zikiwa bado kubwa. Binti alijificha nyuma yake, na kwa siku nyingi alimwita babaye Koplo, kama alivyowasikia majirani. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mazungumzo London yakaendelea, yakakwama, yakaendelea tena. Hakuna aliyewafungasha.

Mwishowe habari ikaja: wamekubaliana. Kikosi kinabaki, gharama juu ya Brunei. Wanaume walikimbilia kwa Jaslal kuandikisha upya, wakisukumana kama wagombea mchele.

Kharkajit hakuwepo. Alikuwa ufukweni na binti yake, suruali amekunja magotini. Wote wawili ni watu wa milimani, bahari hawaijui. Wimbi lilipokuja walikimbia pamoja, huku Tulmaya, mchangani, akiwauliza nani hasa kati yao ni askari.

"Huyu, baba," alisema mtoto, akimwonyesha Kharkajit kwa kidole.