Piano Iliyokoroma Nyumbani kwa Refa

Wapo watu waliozaliwa na vidole vya muziki, na yupo Mama Kitambaa. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye duka lile la ala za muziki, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupiga hata wimbo mmoja ukasikika kama wimbo. Alipokuwa mtoto, mwalimu wa kwaya alimsimamisha mstari wa nyuma na kumwambia achezeshe midomo tu, sauti asitoe. Akachezesha midomo miaka mitatu, na wazazi wake wakampigia makofi kwa moyo wote, maskini, hawajui lolote.

Dukani aliingia kama mfagiaji. Akapewa kitambaa cha kufutia vumbi, na jina likamganda hapo hapo. Mwaka wake wa nne, mwenye duka, mzee asiyekuwa na maneno mengi, alimkuta akimwambia mteja, "Fidla hiyo iache, haikutaki. Jaribu ile ya pembeni." Mteja akajaribu ile ya pembeni, akainunua, na mwezi uliofuata akarudi kushukuru. Kesho yake mzee alimwajiri mfagiaji mwingine na Mama Kitambaa akahamia kaunta, kitambaa mkononi.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Ukiingia, alikuvutia kigoda. "Kaa. Wewe piga, mimi nisikie." Ukisema hujui kupiga, alikuambia ushike tu, uguse tu, hakuna mtu anakusahihisha. Yeye alisimama kando, kichwa kimeinama upande, akifuta kitu ambacho kilikuwa kisafi tangu asubuhi. Alisikia mkono mdogo unaohangaika kwenye gitaa pana. Alisikia pumzi fupi iliyoomba tarumbeta jepesi. Watu walitoka pale na chombo chao hasa, na wengi wao walirudi na ndugu zao.

Kisha miguu ya mzee ikachoka, na duka likashikwa na mpwa wake. Tusimnyime kijana haki yake: alikuwa anajua. Alisomea muziki, na akikaa kwenye piano ungesahau ulichokuja kununua. Tatizo ni kwamba watu walisahau kweli. Bosi, kama walivyomwita, aliajiri wauzaji wawili wapigaji kama yeye, mmoja wa gitaa na mmoja wa tarumbeta, na kuanzia hapo mteja akiingia alikuwa anapigiwa. Alisimama mdomo wazi, akapiga makofi, akasema "Hongereni sana vijana," akaondoka mikono mitupu. Duka likawa ukumbi wa burudani usio na kiingilio, na bado Bosi alishangaa kwa nini gitaa haziondoki ukutani.

Badala ya kujiuliza, alibandika karatasi nyuma ya kaunta. Kila muuzaji, karatasi ilisema, lazima aweze kupiga wimbo mzima mbele ya mteja. Halafu akamwita Mama Kitambaa pembeni.

"Mama, mimi nakuheshimu," alisema, na mtu akianza hivyo ujue heshima imeshafika ukingoni. "Lakini mteja akikuomba umwonyeshe, unamwonyesha nini? Kitambaa? Nakupa mpaka Jumatatu. Ukishindwa, stoo kuna kazi ya kupanga maboksi. Mshahara ni ule ule."

Mshahara ni ule ule! Kana kwamba ndicho kilichokuwa kinamuuma. Stoo haikuwa na dirisha wala kigoda wala mtu wa kuketi juu yake. Kilikuwa chumba cha maboksi yaliyofungwa, yenye ala zisizotoa sauti. Mama Kitambaa alisema "Sawa, bosi," akaenda kufuta kinanda ambacho alikuwa amekifuta dakika tano zilizopita.

Alhamisi ndipo Refa alipoingia.

Alikuwa mzee mrefu aliyechezesha mpira miaka thelathini, na ingawa alishastaafu, bado alitembea kama yuko katikati ya uwanja. Mwezi uliopita alinunua piano ya kusimama, ya mtumba lakini nzuri, zawadi kwa mke wake aliyeahidiwa piano tangu wakiwa wachumba. Mama Kitambaa ndiye aliyemuuzia. Tangu hapo Refa alikuwa amelalamika mara mbili. Mara ya kwanza Bosi alienda mwenyewe nyumbani kwake, akaipiga piano, akasema ni nzima. Mara ya pili waliirudisha dukani, wakabadilisha nyaya za sauti nzito, wakaipiga mbele ya watu, ikaimba vizuri kabisa. Wakaipeleka tena.

"Na imeanza tena!" Refa alisema, akiegemea kaunta. "Piano inakoroma, kijana. Kuna kibao kimoja upande wa kushoto, mke wangu akikibonyeza, inakoroma kama mtu aliyelala chali. Mara ya kwanza nilikuja kwa upole. Mara ya pili nikakupa kadi ya njano. Leo..." Akachomoa kadi nyekundu kutoka mfuko wa shati, kadi yenyewe hasa, iliyochakaa pembeni, akaibamiza juu ya kaunta. "Jumamosi njooni mchukue piano yenu."

"Mzee wangu," Bosi alisema kwa sauti ya kubembeleza, "piano ile nimeipiga mimi. Kwako nimeipiga, hapa nimeipiga. Haina kasoro. Sasa, umri nao, masikio..."

Kosa! Refa alinyooka mpaka akaonekana ameongezeka urefu. "Masikio? Masikio haya yalisikia beki akimtukana mwenzake kutoka upande wa pili wa uwanja, mashabiki wakipiga kelele!"

Muuzaji wa tarumbeta alikohoa kuficha kicheko. Bosi akaona yamemfika shingoni, na kama watu wengi yakiwafika shingoni, akatafuta wa kumtwisha. Akamgeukia Mama Kitambaa.

"Uliiuza wewe. Kesho nenda kwa mzee ukamalize kesi hii. Piano ikirudi hapa, stoo unaanza Jumatatu asubuhi, wala tusingojee huo wimbo."

"Na isiporudi?" Mama Kitambaa aliuliza. Hata yeye alishangaa kusikia sauti yake.

Bosi alicheka. "Isiporudi, baki kaunta mpaka uote mvi."

"Nimesikia," alisema Refa, akirudisha kadi mfukoni. "Mimi shahidi."

Jioni ile, nyumbani, mume wake ambaye ni fundi magari alikuwa ananawa grisi kwenye karai, na Mama Kitambaa akamsimulia yote huku anakoroga mboga. Hakulia, ila aliongeza chumvi mara mbili.

"Dukani inanyamaza, kwa mwenyewe inakoroma," mume alirudia, akijikuna kidevu kwa mkono wenye povu. "Magari ya hivyo napata kila siku. Nikiendesha mimi, gari halina neno. Mwenye gari anaonekana mwongo. Siku hizi naketi kiti cha abiria, namwambia aendeshe yeye, anipitishe njia yake ya kila siku."

Mama Kitambaa aliacha kukoroga. "Bosi alikaa kwenye piano yeye mwenyewe."

"Ndiyo hivyo. Na chakula hiki kina chumvi, mke wangu, lakini nitakula."

Sebule ya Refa ilikuwa ndogo na imepangwa kwa adabu: makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma, picha za ukutani, kabati la vyombo, na piano imesimama ubavuni mwa kabati. Mke wa Refa, mwalimu mstaafu wa chekechea, alimkaribisha kwa chai, akaketi mbali na piano kana kwamba wamegombana.

"Mdogo wangu, umejisumbua bure," alisema kwa sauti ya chini mumewe alipotoka kuleta sukari. "Yeye anagombana na duka lenu. Mimi najua tatizo ni nini. Ni mimi. Nimeanza uzeeni, mkono wangu haujui mahali pake. Kila nikifika pale nakosea. Yule bosi wako alipiga hapa saa nzima, haikukoroma hata mara moja. Tangu wiki iliyopita sijaigusa."

Mama Kitambaa aliijua sauti ile. Ilikuwa ya mtu aliyeambiwa achezeshe midomo. Akanyanyuka, akavuta kigoda cha piano.

"Kaa, mama. Wewe piga, mimi nisikie."

"Usiniaibishe."

"Hapa hakuna anayekusahihisha. Kitambaa changu hiki hapa, mimi nafuta vumbi tu."

Mama yule alisita, kisha akaketi. Alipiga polepole, wimbo mwepesi wa watoto wa chekechea, kidole kimoja kimoja, mkono wa kushoto ukishuka kwenye kibao kile kizito na kukaa hapo. Na kweli, ikakoroma. Mkoromo mkavu, wa kukera, mrefu. Akaondoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Umesikia? Nimekosea tena."

"Hujakosea popote," Mama Kitambaa alisema. Alikuwa ameshafumba macho. "Bosi anapiga haraka, hakai mahali. Wewe unakaa. Bonyeza tena hapo hapo, na usiachie."

Mkoromo ukarudi, na safari hii Mama Kitambaa akainamisha kichwa upande kama afanyavyo dukani. Sauti ya piano ilikuwa inatoka kwenye piano, safi, haina doa. Mkoromo ulikuwa unatoka kwingine, juu kidogo, kulia kidogo.

"Endelea kukibonyeza, mama, tena na tena. Usichoke."

Akaanza kuzunguka sebule, akiweka kiganja juu ya kitu kimoja baada ya kingine. Kioo cha dirisha: mkoromo upo. Fremu za picha: upo. Sinia, taa, milango ya kabati: upo. Refa alisimama mlangoni na bakuli la sukari, kama anangoja penalti ipigwe. Juu ya kabati kulikuwa na kikombe kikubwa cha bati linalong'aa, kile alichopewa na waamuzi wenzake siku ya kustaafu. Mama Kitambaa alinyoosha mkono akakikamata.

Mkoromo ukakatika.

Akaachia. Ukarudi. Akakamata. Ukakatika. Mke wa Refa aligeuka kwenye kigoda, kidole bado kinabonyeza, macho yamemtoka. Mama Kitambaa akachungulia ndani ya kikombe, akaingiza mkono, akatoa firimbi ya chuma.

"Hiyo ni ya mechi yangu ya mwisho," Refa alisema taratibu. "Niliitia humo ili isipotee."

"Mzee, hii ndiyo inayotetemeka kila kibao kile kikibonyezwa. Dukani ilinyamaza kwa sababu firimbi ilibaki huku. Piano yako ni nzima." Akamgeukia mama pale kwenye kigoda. "Na mkono wako ni mzima. Rafu alicheza mumeo."

Refa aliweka bakuli chini. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kadi nyekundu, akaiinua juu ya kichwa chake mwenyewe. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. "Wiki nzima," alisema, "wiki nzima nilijua ni mimi." Kisha akajifuta, akageukia piano yake, akaanza wimbo mwanzo. Alipofika kwenye kibao kile alikaa hapo kwa makusudi, muda mrefu kuliko wimbo ulivyotaka, na chumba kizima kikajaa sauti moja nzito, safi. Mama Kitambaa alisimama na kitambaa chake, akajisikia mkubwa. Hakuwahi kujisikia mkubwa hivyo maishani, na aliliruhusu kabisa jambo hilo.

Jumatatu asubuhi Bosi aliziweka funguo za stoo juu ya kaunta, mahali zinapoonekana. Hazikukaa peke yake kwa muda mrefu. Refa aliingia akiwa amemshika mke wake mkono, akaiweka firimbi kando ya funguo, akasimulia kisa chote kwa sauti ya uwanjani, akimalizia kwamba piano haitoki nyumbani kwake mpaka atoke yeye.

Bosi aliichukua firimbi, akaigeuzageuza. "Lakini piano ile niliipiga saa nzima mle ndani. Sikusikia kitu."

"Ulikuwa unapiga, bosi," alisema Mama Kitambaa, bila ukali. "Ungesikia saa ngapi?"

Wale wauzaji wawili wakaanza kuvichunguza viatu vyao. Bosi akawa mwekundu wa macho. Hapo hapo mlango ulifunguliwa, akaingia mwanamke mwenye sare ya hospitali, akasema anatafuta gitaa na kwamba hajui chochote. Muuzaji wa gitaa alishaunyoosha mkono ukutani, tayari kumwaga ufundi. Bosi akamshika bega. Akaibandua ile karatasi nyuma ya kaunta, akaikunja, halafu yeye mwenyewe akamvutia mteja kigoda.

"Kaa hapa, dada," alisema. "Wewe piga. Huyu mama atasikia."

Mama Kitambaa alizisogeza funguo za stoo pembeni, akachukua kitambaa chake, akainamisha kichwa upande.