Simu Niliyoiita Yangu

Tangu Jumapili nina hasira na wenye duka, na wifi yangu, na mimi mwenyewe, ingawa sijui kama nina haki. Simu niliichukua dukani kwao Mafinga kwa kulipia kidogo kidogo. Hapa Igowole nikatamba nimeinunua, nikamcheka wifi na kitochi chake, kisimu cha vitufe. Muuzaji, nisimsingizie, alinionya: "Dada, ukitoa laini yetu kabla hujamaliza kulipa, simu inajifunga wakati wowote." Niliitikia tu. Mtandao wao huku haushiki, nikaweka laini nyingine.

Jumapili, kwenye sendofu ya binti yetu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, nikasimama kusoma risala ya familia, yote imo simuni. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi. Wifi akachungulia, akachukua maiki, akayasoma: "Simu hii ni mali ya duka."



"Shika kitochi changu, wifi," akasema, maiki bado mkononi. "Hiki hakidaiwi."