Mgeni Aliyepanda Gari la Waranti

Mnaweza kucheka. Mwanangu wa kuzaa alicheka, kisha akakasirika, kisha akaacha kunitembelea, kwa hiyo mkicheka nyinyi msionijua sitaumia. Lakini haya yamenipata mimi, na akili zangu timamu, wala sikuhadithiwa na mtu. Na hayajaisha. Yako nyumbani kwangu Jomvu Kuu mpaka leo, yanakula wali wangu.

Nianze na gari, maana bila lile gari nisingekuwa na la kusimulia.

Mume wangu Bakari aliugua figo. Kila wiki ilibidi apelekwe hospitali akasafishwe damu kwa mashine, na akitoka pale huwa hana nguvu hata ya kushika kikombe. Kumpandisha mtu tuktuk katika hali ile, na mashimo ya barabara yetu mnayajua, ni kumtesa. Tukauza shamba la minazi aliloachiwa na babake, tukanunua gari. Sikutaka la mtumba, lililokwishachoka huko lilikotoka. Nilitaka jipya kabisa, viti vingali na nailoni, na waranti juu. Nikajiambia, hili halitatuangusha.

Likatuangusha kabla hata hizo nailoni hazijatoka vitini.

Kwanza giaboksi. Ilianza kuguguna kama mtu atafunaye mchanga, na siku moja ikagoma karibu na uwanja wa ndege, Bakari yumo ndani, ndiyo kwanza ametoka kwenye mashine. Kampuni iliyotuuzia ina gereji yake Changamwe, safi, sakafu inang'aa, mteja anapewa chai. Wakalichukua, wakakaa nalo, wakabadilisha giaboksi nzima. Nikashukuru. Hata sijalizoea tena, injini ikaanza kunywa oili na kutoa moshi. Wakalichukua tena. Safari hii wakasema injini yote itatolewa, na nyingine inangojewa kutoka ng'ambo. Binti wa mapokezi, mtoto wa bara mwenye adabu zake, alikuwa akiniambia, "Tulia, mathe, yote iko ndani ya waranti. Hutoi kitu."

Kweli sikutoa kitu. Lakini nani angenilipa zile safari za tuktuk, kichwa cha Bakari kiko mapajani mwangu, ameuma ncha ya buibui langu ili asipige kelele mbele za watu? Nilikuwa na hasira mpaka usingizi ukanihama. Gari jipya, na ndani hakuna kilichobaki kile nilichonunua.

Na kulikuwa na jambo moja walilonisisitizia kila nilipokwenda. Boneti isifunguliwe na fundi yeyote wa nje. Akiifungua, waranti imekufa. Likiniharibikia njiani nikae ndani, nipige simu, bredauni yao itakuja kulivuta. Nikalishika neno hilo kama sala.

Siku waliyonipigia simu kwamba gari liko tayari, Bakari alikuwa vibaya. Alikuwa amekosa zamu yake ya hospitali kwa sababu ya mvua, hapakuwa na tuktuk iliyokubali kushuka kwetu. Uso ulikuwa umevimba, miguu imevimba, na pumzi anaivuta kwa shida. Kesho yake asubuhi ilikuwa lazima afike kwenye mashine, la sivyo ningemzika. Hayo daktari aliniambia bila kuzunguka.

Nilipokuwa nikitoka aliniambia, "Bi Harusi, usikawie."

Ndivyo alivyoniita tangu tulipooana. Niliingia nyumbani kwake na haya nyingi, sili mbele ya watu, sisemi, akawa ananitania, Bi Harusi huyo, Bi Harusi hataki chai. Jina likakaa. Tukazaa, tukapata wajukuu, nikanenepa, nikawa na mdomo mkali kama mnavyonisikia, kwake nikabaki Bi Harusi.

Nikaenda Changamwe baada ya swala ya alasiri, nikapewa ufunguo na tabasamu. Gari liliwaka kwa sauti nzuri. Nikaliendesha nikimwombea dua hata yule binti wa mapokezi. Nilipoiacha barabara kuu nikawa nashuka kwetu, pale penye ukuta mrefu wa ghala upande mmoja na mikoko upande wa pili, injini ikazima. Haikukohoa, haikutoa moshi. Ilizima tu, na taa zote za dashibodi zikazima nayo.

Nililia. Sioni aibu kusema.

Wakapita vijana wawili, mafundi wa hapo hapo Jomvu, nawajua kwa sura. Mmoja akaniambia, "Shikamoo, mama. Fungua boneti tutazame, huenda ni waya tu umeachia." Nikawakatalia. Nikawaeleza habari ya waranti. Wakatazamana, wakaniaga, wakaenda zao. Ningewafungulia ile boneti ningekuwa na watu wawili pamoja nami magharibi ile. Hilo nalifikiri kila siku.

Nikapiga simu, nikaambiwa bredauni iko njiani. Nikafunga milango kwa ndani, vioo viko juu kwa ajili ya mbu, nikangoja. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, ikaisha. Nilikuwa nimeinamia simu, namwandikia Mwanasha, binti yetu aliyeolewa Timbwani, kwamba gari limekufa tena na kesho mumewe ampeleke babake hospitali.

Ndipo nikasikia, karibu na sikio langu, "Hodi, mwenye gari."

Sasa nisikilizeni vizuri. Sisi watu wa pwani, hodi ikipigwa, neno karibu humtoka mtu mdomoni kabla hajafikiri. Ni malezi. Unaweza kuwa jikoni, unaweza kuwa umelala, utaitikia. Bibi zetu walitukataza jambo moja tu. Magharibi inapoingia, usimkaribishe mtu ambaye hujamwona uso. Chungulia kwanza. Kule nyumbani nilikuwa nachungulia siku zote. Lakini nani aliwahi kunifundisha kwamba gari nalo ni nyumba?

Sikuinua kichwa. Nikasema, "Karibu."

Sikusikia mlango. Wallahi ulikuwa umefungwa na ukabaki umefungwa. Nilichosikia ni ile kengele ya mkanda. Gari hizi mpya, mtu akikaa kiti cha mbele bila kujifunga mkanda, zinalia ting, ting, mpaka ajifunge. Gari lilikuwa limekufa, hata taa haliwashi, na kengele ikawa inalia.

Nikageuka. Mwanamume wa makamo alikuwa amekaa juu ya kile kimto nilichomwekea Bakari kitini. Kanzu nyeupe ya pasi, kichwa wazi, miguu peku. Miguu ndiyo niliyoiona vizuri, imejaa vumbi, visigino vimepasuka mpasuko juu ya mpasuko. Uso wake nimejaribu sana kuukumbuka, siupati. Akauvuta mkanda taratibu, akajifunga, kengele ikanyamaza.

"Asalaam aleikum," nikasema, maana ulimi wangu haukuwa na neno lingine.

Hakuitikia. Akauliza, "Mgonjwa aendeleaje?"

"Hajambo," nikasema, kama tusemavyo hata mtu akiwa anakata roho.

"Hajambo gani, na uso umevimba vile? Mimi nimetembea sana, mwenye gari. Nipeleke kwenu nikapumzike."

"Gari bovu. Nangoja bredauni."

"Washa."

Mnaniuliza kwa nini sikufungua mlango nikakimbia. Hofu nilikuwa nayo, hiyo ni kweli. Lakini nitawaambia na kweli nyingine. Aliposema washa, niliyemwona mbele yangu ni Bakari, na kesho asubuhi, na ile mashine. Nikazungusha ufunguo. Gari likawaka kama lililotoka kiwandani siku ile.

Nikalitia gia, tukaenda. Mimi nilikuwa nasoma Ayatul Kursiy moyoni na kila nilipofika katikati naipoteza. Yeye alikuwa akitazama nje kama mtu anayehesabu nyumba. Nikaingia uani kwangu, nikazima gari, nikajikaza nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Mkanda ulikuwa bado umefungwa.

Nilikimbilia mlango wa nyumba. Ufunguo umo kwenye kitasa, sijauzungusha, nikasikia sauti ya Bakari ndani chumbani, ile sauti yake nyonge ya ugonjwa, ikisema kwa upole wake wote, "Karibu. Pita ndani."

Niliingia nikijigonga kwenye ukuta. Bakari alikuwa peke yake, amekaa kitandani wima, miguu iko chini sakafuni, anaitazama mikono yake, anaigeuza huku na huku.

"Nani umemkaribisha?" nikamuuliza. "Bakari, nani alikupigia hodi?"

Akanitazama. Uvimbe usoni haukuwapo.

"Umefika, mwenye gari?" akasema. "Nina njaa."

Hospitali nilimpeleka asubuhi, nikiendesha mimi, na yeye kando yangu amefunga mkanda uliokuwa ukimwumiza siku zote. Wakampima, wakarudia, wakamwita daktari mwingine. Figo zinafanya kazi. Hakuna aliyeweza kueleza. Watu walikuja nyumbani kutupongeza, wengine wakalia kwa furaha. Mwanasha alimkumbatia babake mpaka nikaona wivu. Na mimi nilisimama jikoni nikikuna nazi, najiuliza nitamwambia nani.

Maana nilikuwa nimeiona miguu yake. Bakari alilala kitandani muda mrefu, nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto, mimi ndiye niliyekuwa nikizipaka mafuta. Asubuhi ile nilipomvisha viatu, visigino vilikuwa vimepasuka na vumbi limeingia ndani ya mipasuko. Nilivisugua kwa jiwe na sabuni. Havitakati.

Hatoi salamu kwanza. Hata siku moja. Chakula akila hakimshibishi, na akilala macho yako wazi. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja kumsomea. Alisoma, akafunga msahafu, akaniambia pembeni kwamba yeye amesoma na Bakari tangu utotoni na huyu hamjui. Hajarudi tena. Nilipomweleza Mwanasha alicheka, kisha akanitazama kwa chuki. "Mama, kwani ulitaka baba afe?" Nilitaka Bakari apone. Aliyepona si Bakari.

Gari halijaharibika tena. Nililirudisha Changamwe nikawaomba walichukue, wanipe hata bovu. Wakalipima kwa kompyuta yao, wakaniambia halina ugonjwa wowote, na waranti bado ipo, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi.

Siku moja nilichoka kuogopa. Alikuwa amekaa barazani, nikamwekea chai, nikamuuliza waziwazi, "Mume wangu yuko wapi?"

Hakushtuka. Alipuliza chai yake, akanywa. "Anatembea," akasema.

Basi. Sikumuuliza tena, kwa sababu nililielewa jibu lake lote kwa mara moja. Mgeni yule alitembea sana mpaka akapata pa kukaa, na aliyekuwa amekaa humo ametupwa njiani. Bakari wangu, asiyeweza kutoka chumbani mpaka msalani bila kushikwa mkono, yuko peku huko nje, na hana wa kumkaribisha.

Sasa kila magharibi mimi huchukua gari nikaenda pale penye mikoko, nikazima injini, nikashusha vioo. Majirani wanasema nimeingiwa na wazimu. Wengine wanasema nina mtu. Nakaa mpaka mbu wananishinda. Mara moja nilisikia nyayo zikija, za mtu anayeburuza miguu, nikaacha kupumua. Zilipita, zikaenda.

Nawaonya nyinyi mnaopita njia ile jioni, na njia nyingine zote, maana sijui Bakari amefika wapi. Msijibu hodi ya mtu msiyemwona uso, mkiwa nyumbani, mkiwa garini, mkiwa popote. Huenda mkaisikia sauti nyonge, ya mtu mpole, mgonjwa, nayo itawatia huruma. Nyamazeni. Lakini mkimsikia, tafadhalini, njooni mniambie ni wapi, maana yule ni wangu, na mimi ndiye nitakayemwambia karibu.