Salamu kati ya Bukoba na Muleba

Msimu wa kahawa ukifika, makarani wa ushirika wetu, kuanzia Kaagya mpaka Ngenge, huingiza uzito wa magunia kwa simu, wote kwa wakati mmoja kana kwamba wameambiana. Miaka michache iliyopita seva yetu ya Bukoba ilikuwa ikielemewa kabla jua halijapanda. Hapo nilimpigia mwenzangu wa Muleba, fundi aliyetunza seva ya pili, nimwombe apokee nusu ya vijiji. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini Mhaya hapokei mzigo kabla ya salamu. Aliuliza nimeamkaje, nyumbani wameamkaje, mama anaendeleaje, upepo umeiacha migomba? Nami nikauliza yangu. Makarani wanasubiri, skrini zimeganda, sisi ndiyo kwanza tunaingia kwenye habari za mvua. Alikuwa na sauti ya taratibu yenye kicheko kilichojificha, nami niliipenda kuliko kazi yenyewe. Siku nyingine nilimpigia mzigo ukiwa bado mwepesi.

Meneja wetu, mtu wa kuja, akasema salamu zetu zinaangusha mfumo. Akatuagiza tuweke programu ya kugawa kazi: seva moja ikielemewa, nyingine ipokee bila kuombwa. Tuliiweka sisi wenyewe, tena kwa ustadi, wajinga sisi. Tangu hapo programu ndiyo inayoijulia hali Muleba kila baada ya sekunde chache, na Muleba inaitikia kwamba ni nzima. Basi, imeisha. Hakuna anayeuliza habari za migomba.

Msimu ukapita sina sababu ya kupiga simu. Nilikuwa na hamu naye mpaka nikajichukia. Ningeweza kumpigia tu, najua, lakini niseme nini, mtu mzima mimi? Nikawa naomba seva iharibike, dua mbaya sana kwa fundi.

Juzi Muleba ikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika huko na betri zimeisha. Nikapiga simu, nikaanza salamu. Akanikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, ingawa “waitu” yetu ya heshima hakuiacha.

“Kwa hiyo mpaka seva izime, waitu, ndiyo unikumbuke?”

Nikamwambia nimemkumbuka kila siku.

Hakukata simu. Umeme ukarudi, Muleba ikaanza tena kupokea vijiji vyake. Aliiona kwake, niliiona kwangu, na hakuna aliyeitaja.