Uso wa Dada Paskalina

Habari ya msiba ilinikuta mferejini Rangwi, nikiosha karoti. Kwetu habari hiyo huletwa na mtu mzima. Huketi kwanza, akasalimiwa, ndipo akasema. Mimi niliisoma kwenye simu, katika kundi la kwaya, chini ya picha ya dada yangu Paskalina: "Pumzika, mama."

Picha yenyewe iliniuma kuliko maneno. Kwa miaka mitatu dada alikuwa na uvimbe shavuni. Alilima viazi, akafua vitambaa vya altare, akaenda gulioni, na siku zote ncha ya kanga ilifunika shavu lile. Aliyeliosha ni mimi peke yangu.

"Uso wangu Mungu anaujua, Sesilia," alisema. "Wengine waangalie viazi."

Alipolazwa, mwanawe Timotheo alimpiga picha hiyo amelala, kanga imeanguka, akaituma kwenye kundi ili aombewe. Wanakwaya wakawatumia wengine. Siku ya pili mgonjwa wa kitanda cha jirani akamwambia, "Pole mama, kumbe ni wewe! Hata wifi yangu wa Shume amekuona."

Dada alivuta shuka hadi kichwani. "Msinifunue tena," aliniambia. Kesho yake nilirudi nyumbani mara moja kuvuna karoti, naye akafa.

Timotheo nilimkuta uani amejiinamia.

"Shikamoo, mama mdogo. Nilitaka maombi tu. Watu mia nne wameandika amina."

"Katika hao mia nne, nani alimletea uji?"

Akaingiza simu mfukoni. Kila siku nasali Baba Yetu, na nikifika pale pa kusamehe ulimi unakuwa mzito.

Siku ya mazishi watu walipanga mstari wa kuaga, simu mikononi. Nikamfuata katekista Kristian.

"Jeneza lisifunguliwe."

"Watasema tunaficha kitu, mama."

"Waseme. Tunaficha."

Akatangaza. Mama mmoja akaguna, "Tumepanda milima yote hii toka Mgwashi kuja kuaga mbao?"

Timotheo akaninong'oneza, "Hata mimi, mama mdogo?"

"Hata wewe."

Watu wakapita mmoja mmoja, wakigusa kifuniko. Padri akanyunyiza maji ya baraka. Vijana wakalishusha jeneza kwa kamba, Timotheo akatupa udongo wa kwanza, nami nikafuata. Kwaya iliimba mpaka kaburi likajaa. Tukasimika msalaba, tukaweka maua, tukateremka nyumbani.