Kasala ya nkambo yangu haiko na jina ya kuongeza

Niko na miaka makumi munane na mbili. Nimezika bandugu yangu yote, na bale balimu balisema sina akili, nimebazika vilevile.

Leo Numbi, binti wa universite, amefika kwangu. Anaandika doctorat juu ya kasala, yale masifu ya bankambo yetu, ba babu ba zamani, na namna bantu ba sasa banayageuza. Nikamutolea kasala ya nkambo yangu.

Akafungua kitabu ya mupadri wa zamani.

"Tata, majina ine yenye mumetaja haiko humu. Naandika ya kwamba muliyaongeza." Akaandika mustari hiyo mu kayee yake.

Miye? Niongeze bankambo?

"Mama, ule mupadri aliandika yenye ilitoka mu kinywa ya nkambo yangu. Mugeni mwenye hajataja bazazi bake, hatumupe kasala yote. Alipewa nusu, akachapisha nusu."

"Na miye, tata?"

"Weye ulitaja nani?"

Akataja bankambo ba mama yake, mpaka kule Kinkondja. Nikamupa majina mbili ingine, yenye nilikuwa nimemuficha.

Akakata ule mustari yake na kalamu ya bic, mbele yangu.

Mwenye kubisha aandike hapa chini. Mama Ngoie mwenye kuuza samaki alikuwa kwa mulango, alisikia yote, na yeye hanipendi.